Kompyuta ya mizani itunze kumbukumbu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa huu niseme machache kuhusu mizani za kompyuta katika ununuzi wa kakao huku Kyela.

Wakala wa Vipimo hukagua mizani na kubandika stika yake. Hilo ni jema. Lakini mizani ikiunganishwa na kompyuta, kilo zetu hupita kwenye waya kabla ya kuandikwa katika stakabadhi, na humo njiani mkulima haoni kitu.

Mizani nyingi za aina hii hutuma maandishi kwa poti ya siriali, herufi moja baada ya nyingine. Baadhi hutanguliza ST kama uzito umetulia, au US kama gunia bado linayumba, kisha namba. Programu ikichukua namba tu na kuziacha herufi hizo, karani akibonyeza mapema, gunia la kilo 60 laweza kuandikwa 57. Nani atajua? Tena kwenye kompyuta za Windows, programu moja ikishika poti, nyingine kwa kawaida haiwezi kuifungua isikilize.

Kwa hiyo wanaotengeneza programu za vyama vya ushirika waagizwe kuweka humo humo daftari la kila mstari uliotoka kwenye mizani, kama ulivyo, pamoja na saa. Karani asiweze kulifuta, na mkulima akilalamika lifunguliwe mbele yake. Kwa fundi anayejua kazi yake hiyo si shughuli kubwa. Je, wahusika wanangoja nini?

Mkulima wa Kakao,
Ipinda, Kyela.