Masisi na Walikale: Busara shuleni si kunyamaza

Familia ikikimbia vita Masisi, inabeba watoto, sufuria na godoro. Buleteni ya mtoto inabaki nyumbani. Wakifika Kibua, Mubi au Pinga, katika wilaya ya Walikale, mzazi anapeleka mtoto shuleni na direkta anauliza karatasi ya mwaka uliopita. Hakuna karatasi, hakuna nafasi. Mtoto anarudi kwa wenyeji waliowapokea, na baada ya majuma machache anaonekana akibeba mizigo sokoni au kwenye machimbo.

Dawa inajulikana na haiombi pesa: mwalimu ampime mtoto kwa kusoma, kuandika na hesabu, aingizwe darasa linalomfaa, karatasi ifuate baadaye. Wako walimu na wazazi wanaowaza hivyo. Lakini wazo kama hilo linakufa mlangoni mwa ofisi, na wanaoliua wako pande mbili.

Upande wa kwanza ni wa kelele. Siku ya mkutano wa wazazi, mtu anasimama mbele ya watu wote: “Shule hii inachukia wakimbizi!” Watu wanapiga makofi. Direkta, ambaye madarasa yake yamejaa hadi mlangoni, anaanza kujitetea. Mtu aliyeaibishwa mbele ya walimu wake hatafuti suluhisho, anatafuta kurudisha heshima yake. Mkutano unaisha, mtoto bado yuko nyumbani, na aliyepiga kelele anajiita mtetezi wa wanyonge. Amemtetea nani?

Upande wa pili ni mbaya zaidi, kwa sababu ndio wenye funguo. Mwalimu kijana akileta wazo anaambiwa: “Umefika jana, unataka kutufundisha kazi?” Mzazi mkimbizi anaambiwa ashukuru tu kwa kupokelewa. Komite ya wazazi inaitwa siku ya kusaini. Sheria ya elimu ya tarehe 11 Februari 2014 haikuwapa wazazi nafasi katika shule ili wawe pambo. Direkta anayesema “leteni mawazo kwa heshima”, kisha anayafungia kabatini, hafundishi heshima. Anafundisha watu kunyamaza.

Busara ni kazi, na inafundishika. Anayetaka shule ibadilike aanze kwa kujua nani anaamua. Mambo mengine yako mikononi mwa direkta, mengine ya komite, mengine ya kanisa linalosimamia shule, iwe ya Wakatoliki, ya CBCA au ya CEPAC, na mengine ya sous-division. Kumlaumu direkta juu ya jambo asilo na nguvu nalo ni kujitafutia adui bure.

Kisha aende kumwona kabla ya mkutano, wawili peke yao. Aende na hesabu: si “watoto wengi”, bali watoto kumi na wanne, wa umri huu, wanaolala katika nyumba hizi. Aende na mikono pia, yaani walimu wawili walio tayari kufanya kazi hiyo. Mazungumzo yanaweza kuwa mafupi tu: “Direkta, shule imepokea watoto wengi na nafasi imekuwa ndogo, tunaona. Wako kumi na wanne waliobaki nje kwa sababu ya buleteni. Turuhusu tuwapime Jumamosi, bila kusumbua masomo. Tujaribu hadi mwisho wa muhula, kisha tuketi tuangalie.” Akikubali, aachwe yeye mwenyewe atangaze mbele ya wazazi. Sifa ikienda kwake, mtoto ameingia darasani.

Wako watakaosema haki haiombwi kwa upole. Ni kweli, na mpaka uwekwe wazi. Katiba ya 2006, katika kifungu cha 43, inasema masomo ya msingi ni ya lazima na ya bure katika shule za serikali, na serikali ilitangaza utekelezaji wake kuanzia mwaka wa masomo 2019-2020. Mtoto akifukuzwa huko kwa sababu ya pesa, hilo si wazo la kupendekeza, ni sheria iliyovunjwa. Mwalimu akimdhulumu msichana, hakuna kubembeleza, ni kushtaki. Anayetaka busara itumike kufunika mambo hayo ni mshirika wa uovu.

Lakini buleteni, saa za kuingia, sare na namna ya kugawa madarasa ni mazoea. Mazoea hayahitaji mshtakiwa. Yanahitaji mtu anayejua kusema na mtu anayekubali kusikia.

Mwaka 2025 peke yake, mapigano yalifika Masisi-centre mwezi wa Januari na Walikale-centre mwezi wa Machi. Familia zimehama, zimerudi, zimehama tena. Kwa hiyo kila direkta atenge siku moja ya juma, inayojulikana na wote, ya kupokea walimu na wazazi, wakimbizi kwa wenyeji, na kila wazo lipate jibu kabla ya juma lifuatalo, hata kama jibu ni hapana. Na wazazi waingie kwa hesabu, si kwa matusi. Mtoto aliyepoteza mwaka mmoja kwa sababu ya vita asipoteze wa pili kwa sababu wakubwa wawili wameshindwa kusemezana.