NOTI BANDIA NI ADUI WA MKULIMA

Msimu wa alizeti ndio wakati mkulima wa Ulemo anaposhika fedha. Jasho la mwaka mzima humwingia mkononi kwa siku moja, noti juu ya noti, tena kwa haraka. Siku hiyo ndiyo anayoingojea mwizi wa noti bandia.

Twasema mwizi kwa sababu ndivyo alivyo. Noti bandia ikifika benki huzuiwa, na aliyeileta halipwi kitu. Basi hasara humwangukia mtu wa mwisho kuipokea, naye mara nyingi ni mnyonge.

Sheria yetu haingoji noti hiyo ichapwe. Kanuni ya Adhabu, ambayo imetumika tangu 1945, humshika hata mtu anayeweka kwa kujua vyombo vya kughushia fedha: bamba la kuchapia, karatasi iliyofanywa ifanane na ya noti, kalibu ya sarafu. Ikiwa hana ruhusa, ni juu yake kueleza mbele ya Mahakama anavyo kwa sababu gani. Wako wanaosema sheria hii ni kali mno. Sisi twasema ni ya haki, maana mwenye kalibu ya sarafu hafui majembe.

Lakini siku hizi bamba limekuwa picha ndani ya kompyuta. Marekani waliliona jambo hili, na tangu 2001 sheria yao inataja waziwazi hata picha ya kielektroniki iliyowekwa kwa nia ya kughushi. Twaomba Bunge letu nalo liitazame Kanuni ya 1945 kwa macho ya leo. Wakati huo huo polisi wasimsumbue kijana mwenye duka la kuchapisha. Mashine si kosa. Kosa ni nia.

Wananchi wakumbuke shilingi hii ilikotoka. Zamani fedha zetu zilitolewa na Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, waliyoiunda Waingereza mwaka 1919. Benki Kuu yetu ilifunguliwa tarehe 14 Juni, 1966, na shilingi ikawa ya Watanzania. Anayeighushi anauchezea Uhuru wetu.

Sasa wajibu wetu. Mabalozi wa mashina wawafundishe watu kabla ya mavuno, wala si baada ya kilio. Noti ipapaswe, kisha itazamwe kwenye mwanga ili ionekane sura ya Mwalimu Nyerere iliyofichwa ndani ya karatasi. Mwenye mashine akiombwa kuchapa noti akatae, tena atoe habari polisi.

Na wewe ndugu uliyepewa noti bandia bila kujua, hukufanya kosa. Lakini ukiisha kujua, ukampa jirani yako ili upone wewe, umejiunga na wezi. Ipeleke polisi au benki. Uchungu wa kupoteza shilingi elfu kumi ni mkubwa, twaujua. Lakini noti hiyo haina budi kukomea mkononi mwa mtu mwaminifu.