Funguo za Seva Zikae kwa Nani?

Katika makala mengi tuliyoletewa kwa toleo hili limezuka tena lile shauri la kale, kwamba chama cha akiba na mikopo cha Nyeri au Karatina kiajiri mafundi wake na kutunza seva zake chumbani mwake, ama kiikabidhi kazi yote kampuni ya Nairobi na kulipa kila mwezi. Na ijapokuwa waandishi wa pande zote mbili wameonyesha ujuzi, na baadhi yao ghadhabu pia, mhariri haoni kwamba swali lenyewe limewekwa mahali pake.

Kwani katika ofisi zetu, tangu Nanyuki mpaka Embu, msimamizi wa mtandao aghalabu ni kijana mmoja aliyewekwa chini ya mhasibu, ambaye asubuhi hutengeneza printa na jioni huwabadilishia makarani nywila walizozisahau, na nywila kuu za rauta, swichi na hifadhi ya data zimo kichwani mwake peke yake. Akipata kazi bora kwingine, na huipata maana ana akili, chama husalia na mitambo ambayo hapana ajuaye ilivyofungwa. Kampuni ikiletwa, siri ile ile huhamia kichwa kingine, kilicho mbali zaidi na chenye ankara. Kinachokosekana ni daftari: orodha ya vyombo, na kumbukumbu ya kila badiliko, nani aliliomba, nani aliliidhinisha, na vipi hali ya awali itarejeshwa mambo yakiharibika. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 yataka Kamishna wa Data aarifiwe katika muda wa saa 72 data za watu zikivuja. Pasipo daftari, saa hizo zitakwisha watu wakiulizana ni seva ipi.

Walakini daftari kama hilo, pamoja na zamu ya kupokea simu usiku, ni mzigo usiobebwa na chama kimoja cha kadiri. Ndipo inapostaajabisha kwamba watu wa Mlima Kenya, waliozoea tangu zama za ukoloni kupeleka kahawa yao katika viwanda vya ushirika, hawajathubutu kushirikiana katika rauta. Vyuo vilithubutu: mtandao wao wa KENET uliundwa mwaka 1999 ili vipate intaneti kwa pamoja, na Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi, hapa hapa Nyeri, ni mwanachama wake. Lau vyama vitano au sita vingeweka dawati moja la huduma na mhandisi mmoja wa usalama, kila chama kikibaki na data zake, na nywila zake kuu katika bahasha yenye lakiri mikononi mwa mwenyekiti, gharama ingepungua na siri isingekuwa ya mtu mmoja. Nitakumbushwa malalamiko ya wakulima wa chai juu ya wakala wao, KTDA, na Sheria ya Chai ya mwaka 2020 iliyotungwa kurekebisha mambo hayo. Hoja hiyo ni nzito, maana wakala asiyeondoleka hugeuka bwana. Kwa hiyo muda wa mkataba na njia ya kutoka viandikwe kabla ya swichi ya kwanza kununuliwa.

Tukirudi kwenye makala tuliyoletewa, ya Embu juu ya ITIL, mfumo wa kusimamia huduma za teknolojia ya habari uliozaliwa katika ofisi za serikali ya Uingereza miaka ya 1980, yamejaa istilahi, na msomaji asiye na haraka atafaidika. Ya Nanyuki, juu ya nyaya za baharini zilizofika Mombasa mwaka 2009, ni mazuri, ila kebo si kikwazo chetu tena. Ya Karatina, juu ya umeme na betri, yasomwe na kila meneja kabla ya masika. Mwisho kabisa yapo ya muuzaji mmoja wa mitambo, tuliyoyachapa baada ya kuyaondolea bei.