Waranti ya gari huishia mlangoni pa breki, na abiria ndiye hulipa

BASI lililowabeba waombolezaji waliokuwa wakirejea kutoka mazishini lilipoteza mwelekeo katika mzunguko wa Coptic, eneo la Mamboleo, Kisumu, mnamo Agosti 2025 na kutumbukia mtaroni. Zaidi ya watu 20 waliaga dunia. Mnamo Oktoba 2018, basi jingine lililotoka Nairobi likielekea Kakamega lilianguka kwenye mteremko wa Fort Ternan, Kaunti ya Kericho, na kuangamiza zaidi ya watu 50.

Kila tunapozika, gumzo huwa lile lile: dereva, mwendo wa kasi na ubovu wa barabara. Hayo ni masuala halali, na kazi ya kubaini chanzo cha kila ajali ni ya wachunguzi. Hata hivyo, kuna suala jingine ambalo ni nadra kulisikia likiulizwa. Gari linaloteremka kuja ziwani limefungwa breki za aina gani? Ni nani aliyeziuza? Na zikishindwa kufanya kazi, ni nani atakayewajibika?

Jibu la swali hilo la mwisho linatia hofu. Kwa desturi ya biashara ya magari, hakuna.

Anayenunua gari jipya hukabidhiwa hati ya waranti inayomhakikishia kwamba injini au gia zikiharibika katika kipindi fulani, muuzaji atazitengeneza bila malipo. Lakini akiisoma hati hiyo hadi kwenye maandishi madogo, atakuta pedi za breki zimeorodheshwa pamoja na vichujio na mipira ya kupangusia kioo, yaani vitu vinavyolika kwa matumizi na ambavyo waranti haivihusu. Pedi hubadilishwa bure tu iwapo itathibitika kwamba zilitoka kiwandani zikiwa na kasoro, kwa mfano zinapobanduka kutoka kwenye bamba lake la chuma.

Hoja ya watengenezaji ina mantiki. Pedi zimeundwa ili zilike. Dereva mmoja huzimaliza upesi kwa kukanyaga breki kila hatua, ilhali mwenzake mwenye gari kama hilo hilo hudumu nazo muda mrefu. Mtengenezaji hawezi kulipia miguu ya watu asiowajua.

Hata hivyo, kulika ni jambo moja na kushindwa ni jingine. Pedi iliyolika imetimiza wajibu wake. Pedi inayoteleza ikiwa bado nene haijautimiza. Tumeyachanganya mambo haya mawili, na katika mchanganyiko huo wauzaji wa vipuri duni wamepata maficho.

Isitoshe, wengi wetu hatununui magari mapya. Magari mengi nchini huja yakiwa yametumika, hasa kutoka Japani, na sheria inataka yasiwe yamezidi umri wa miaka minane. Kule Japani waranti ya kawaida ni ya miaka mitatu au kilomita 60,000. Kwa hivyo, gari la miaka saba linaposhushwa Mombasa, waranti hiyo ilishakufa zamani. Mnamo Februari 2010, kampuni ya Toyota iliyaita magari yapatayo 437,000 ya mseto wa petroli na umeme kote duniani, yakiwemo ya aina ya Prius, ili kurekebisha programu ya breki. Wito kama huo humfikia kwa urahisi mwenye gari aliyesajiliwa kwa muuzaji rasmi. Si rahisi kumfikia mwenye gari la mkono wa tatu kule Bondo au Mbita.

Ili kuelewa uzito wa jambo hili, ni muhimu kufahamu kazi ya pedi. Dereva anapokanyaga breki, mafuta ya breki husukuma pedi mbili zibane diski inayozunguka pamoja na gurudumu. Msuguano huo huigeuza nguvu ya mwendo kuwa joto. Breki, basi, ni mashine ya kutengeneza joto na kulitupa hewani. Na mwendo ukiongezeka maradufu, joto linalopaswa kutupwa huongezeka mara nne.

Mteremko una hesabu yake. Kisumu iko takriban mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, na Kericho karibu mita 2,000. Kila gari litokalo Kericho lina mita zipatazo 800 za kushuka kabla ya kuliona ziwa. Iwapo dereva anategemea breki pekee, kila mita 100 anazoshuka ni sawa na kulisimamisha gari mara nne kutoka kasi ya kilomita 80 kwa saa, ambayo ndiyo kikomo cha magari ya abiria. Tofauti ni kwamba mteremkoni breki hazipati nafasi ya kupoa.

Pedi nzuri hustahimili joto hilo kwa muda. Pedi duni hushika barabara ya tambarare kama zilivyo zile nzuri, na hapo ndipo penye mtego. Mwenye gari huzijaribu kutoka Kondele hadi Kibuye, akaridhika, akamlipa fundi. Udhaifu wake hujitokeza pale Riat, zikishapata moto: dereva hukanyaga, pedeli ni ngumu kama kawaida, lakini gari halipungui mwendo. Mafuta ya breki yaliyozeeka huzidisha balaa. Mafuta haya hufyonza unyevu wa hewa. Yale ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya hayachemki kabla ya nyuzi 205 za Selsiasi, lakini yakishafyonza maji yanaweza kuchemka kwenye nyuzi 140. Yakichemka, pedeli huzama hadi sakafuni.

Tuyaangalie sasa magari madogo ya aina ya Probox, ambayo yamekuwa tegemeo la uchukuzi mashinani katika ukanda huu. Probox ina diski na pedi magurudumu ya mbele tu; nyuma ina breki za ngoma. Iliundwa kwa watu watano na mizigo ya kiasi. Ukiijaza abiria tisa na magunia ya omena, pedi zile zile za mbele ndizo zinazotwikwa sehemu kubwa ya mzigo wa kulizuia. Mwenye gari aliyebana matumizi kwa kununua pedi za bei ya chini amebana pahali asipopaswa.

Je, mnunuzi ana kinga gani? Wengi hudhani hawana, kwa sababu risiti imeandikwa kwamba mali ikishauzwa hairudishwi. Hapa ndipo Wakenya tunapojinyima haki ambayo tayari tunayo. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mtumiaji haki ya kupata bidhaa za ubora unaofaa, na fidia anapopata hasara au jeraha kutokana na kasoro zake. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, inasema kwamba mnunuzi akimweleza muuzaji kazi ya bidhaa na kutegemea ujuzi wake, bidhaa hiyo sharti ifae kazi hiyo. Nayo Sheria ya Kuwalinda Watumiaji Bidhaa ya 2012 inabatilisha maandishi yoyote yanayojaribu kufuta dhamana hizo. Kwa maneno mengine, kila pedi inayouzwa Kisumu ina waranti, hata kama muuzaji hakuitaja.

Aidha, si lazima mlalamishi awe na wakili wala pesa nyingi. Mahakama ya Madai Madogo husikiza madai yasiyozidi Sh1 milioni, na sheria inaitaka iyaamue katika muda wa siku 60.

Kinachokosekana ni ushahidi. Pedi nyingi hununuliwa na fundi, si mwenye gari, bila risiti, na kisanduku chake hutupwa kabla gurudumu halijarudishwa. Bila risiti, muuzaji hajulikani. Bila kisanduku, hata chapa haijulikani. Mwenye gari na adai vyote viwili, pamoja na pedi kuukuu zilizotolewa. Na aangalie ukingo wa pedi: nyingi huchapishwa herufi mbili, ya kwanza ikionyesha msuguano zikiwa baridi na ya pili zikiwa na moto. Herufi F ni bora kuliko E, na G huipita F. Nembo ya R90 nayo huonyesha kwamba zimepimwa kwa kanuni ya Umoja wa Mataifa inayotumika Ulaya, ambayo haikubali pedi mbadala zitofautiane na za awali kwa zaidi ya asilimia 15.

Hata hivyo, kumtwika mnunuzi mzigo wote si haki. Nembo huigizwa. Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa nchini (KEBS) na Mamlaka ya Kukabiliana na Bidhaa Ghushi hazina budi kuzipima pedi zilizo madukani, zikiwa zimepashwa moto, na kutangaza matokeo kwa majina ya chapa. Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama (NTSA) hukagua magari ya abiria kila mwaka, lakini pedi zilizopita ukaguzi Januari zinaweza kuwa zimeng'olewa Machi. Mwenye matatu atakiwe kuhifadhi risiti za vipuri vya breki na kuzionyesha, jinsi anavyoonyesha bima.

Haya hayahitaji sheria mpya wala tume. Yanahitaji karatasi moja dukani na mtu wa kuiulizia. Abiria anayepanda gari Kiboswa kuteremka mjini hajui waranti ni nini, wala hahitaji kujua. Anachotarajia ni kwamba atakapofika Mamboleo, dereva atakanyaga na gari litasimama.