GPU isiyojua kuriseti, mbona tunailipia yote?

Wasee wa VM, kuna kitu tumezoea na hatufai kuzoea.

Uko na kompyuta moja. Umeweka Linux, halafu ndani yake unaendesha Windows kama VM ndio uhariri video ama ucheze gemu. GPU unaikabidhi hiyo Windows moja kwa moja. Inafanya kazi fiti kabisa, mpaka uzime. Ukiwasha VM tena, skrini nyeusi. GPU imeganda na hali ya kazi ya kwanza, haijui kuanza upya. Dawa ni kuzima mashine nzima. Kama kulikuwa na kazi ingine upande wa Linux, pole.

Kadi za AMD za Polaris, Vega na Navi za kwanza, kama RX 5700 ya 2019, zinajulikana kwa huu ugonjwa. PCI Express iko na njia ya kuriseti kifaa kimoja bila kugusa vingine, inaitwa FLR. Lakini kwa kanuni zake ni hiari! Na hata kifaa kikisema kiko nayo, usiamini haraka: kuna vidhibiti vya USB na sauti vya Ryzen 3000 vyenye hudai viko na FLR, ukiituma vinaganda, mpaka Linux ikaandikiwa isiitumie kwa hivyo vifaa.

Na nani alitibu hizo kadi? Watu wa kujitolea, akiwemo Geoffrey McRae wa Looking Glass, waliandika moduli inaitwa vendor-reset. Pesa tulilipa kampuni, kazi ikafanywa na watu wa mtandao.

Mtaniambia kadi za gemu si za VM, nunua ya seva. Zii. Nvidia walikuwa wanagomea VM miaka mingi na ile Code 43 ya GeForce, na 2021 wakafungua mlango. Halafu dereva inaweza kukwama hata bila VM.

Hapa kwetu wengi tunanunua mtumba, kwa hivyo hizi kadi za zamani ndizo zinatufikia. Na sisi wenye tunafanya rivyu tunapima fremu na joto tu. Nani huwasha VM mara mbili? Mimi rivyu inayokuja naanza na hiyo: RX 580 ya mtumba, washa, zima, washa tena, kamera ikiwa on.