Nguo za Idi kwa Mkopo wa Riba: Cherehani Kirudi Nyumbani

 

Ndugu zangu Waislamu, Ramadhani iliyopita, tukiwa katika kumi la mwisho, alinijia nyumbani mama mmoja mjane wa mtaani kwetu, mwenye watoto wanne. Hakuja kuomba futari. Alikuja kuniuliza kama ningeweza kumnunulia cherehani chake kabla wenyewe hawajafika kukichukua. “Wenyewe” hao ni wakopeshaji wa ile mikopo ambayo mitaani tumeipa jina la kausha damu. Kabla ya Ramadhani kuingia alikopa shilingi 200,000 ili awahi kununua nguo za sikukuu kabla bei hazijapanda: kanzu mbili za watoto wa kiume, mabaibui mawili ya wasichana, na viatu. Dhamana aliyoiweka ni cherehani hicho. Marejesho yalikuwa ya kila siku, na riba yake sitaki hata kuiandika hapa. Mimi sikuwa na fedha ya kukinunua. Kesho yake kikachukuliwa.

Jambo hilo limenikaa rohoni mpaka leo. Mtu mwenye cherehani ndani ya nyumba yake amekopa kwa riba ili anunue nguo iliyoshonwa kwa cherehani cha mtu mwingine, katika kiwanda kilichoko ng'ambo ya bahari, na mwisho akanyang'anywa kile alichokuwa nacho. Nilimwuliza kwa nini hakuwashonea watoto mwenyewe. Akanijibu: “Ukhti, wangechekwa. Siku ya Idi mtoto avae ya kushonewa na mama yake?”

Hebu tujiulize, wangechekwa na nani? Wangechekwa na watoto wetu sisi, katika uwanja wa swala ya Idi, mbele ya safu zetu. Basi tusiwatupie lawama wakopeshaji peke yao. Wao wanavuna, lakini shamba tumelilima sisi wenyewe, tulipokubaliana kimyakimya kwamba nguo isiyo na karatasi ya dukani shingoni ni alama ya ufukara.

Haikuwa hivi zamani. Waliokuwa watu wazima katika Tanzania ya mwanzoni mwa miaka ya 1980 wanakumbuka jinsi nguo zilivyoadimika, na jinsi watu walivyopanga foleni kwa ajili ya doti moja ya khanga. Marehemu mama yangu alijifunza kushona katika somo la sayansi kimu. Katika miaka ile alikuwa na kopo la biskuti alilohifadhia karatasi zake za kukatia nguo, zile ambazo mafundi huziita patani. Nyingine alizikata kwa magazeti, nyingine kwa mifuko ya kaki, na chache zilikuwa zile nyembamba kama ngozi ya kitunguu, zilizotoka Ulaya au Marekani zikiwa ndani ya bahasha yenye picha ya bibi aliyesimama mkono kiunoni. Karatasi za namna hiyo zina historia ndefu. Fundi mmoja wa Marekani aitwaye Ebenezer Butterick ndiye aliyeanza, mwaka 1863, kuuza patani za karatasi zenye saizi mbalimbali, na mama wa nyumbani ambaye hakuwa fundi akaweza kukata nguo ikamkaa. Kopo hilo ninalo mimi. Ndilo urithi wangu mkubwa, na ndilo linalonipa ujasiri wa kuandika haya.

Msomaji atasema: patani ya gauni la mwaka 1960 ina maana gani kwa binti wa Kiislamu wa leo? Nitajibu kwa uzoefu. Magauni mengi ya zama zile yalikatwa kwa utulivu, yana marinda, yana nafasi kifuani, na mikono yake inarefushwa kwa urahisi. Ukiongeza urefu mpaka kwenye vifundo vya miguu na kuifunga shingo, umepata vazi la stara ambalo duka la nguo za tayari halikuuzii. Usiikate ile karatasi ya asili. Ilaze juu ya gazeti, ichore, kisha ukate gazeti. Tena usiamini namba ya saizi iliyoandikwa juu ya bahasha, kwa kuwa saizi za zamani si hizi za leo. Chukua futi ya kamba, mpime mtoto kifua, kiuno na bega, kisha upime na karatasi.

Lakini patani ya kale iliyo bora kuliko zote haimo katika kopo la mama yangu. Imo katika kanzu kuukuu ya babu. Kanzu ya asili ya Pwani ni kazi ya akili kubwa, na ninasikitika kwamba vijana wetu wanaivaa bila kujua hata majina ya viungo vyake. Kuna badani, nazo ndizo mwili wa nguo mbele na nyuma. Kuna taharizi, vipande vya ubavuni vinavyoipa upana ili mtu arukuu na kusujudu bila kubanwa. Kikwapa ni kipande kidogo kinachotiwa chini ya mkono, na bila hicho kanzu hupasuka mtu akinyanyua mikono kuleta takbira. Sijafu hushika ncha ya mkono, kaba hushika shingo kwa ndani, na lisani hukaa chini ya mpasuo wa kifuani. Vipande karibu vyote ni vya mistari iliyonyooka, kwa hiyo kitambaa hakipotei. Fundi wa zamani alibakiwa na mabaki yasiyojaza kiganja. Ukiifumua kanzu moja kuukuu kwa wembe, polepole, ukavipiga pasi vipande vyake na kuvichora juu ya gazeti, umepata patani ambayo hakuna kiwanda kitakachokuuzia. Mimi niliifumua ya baba. Nililia kidogo, lakini nilimaliza.

Sasa tuje kwenye kitambaa. Hapa ndipo wengi watakaponicheka, maana nasema tuingie sokoni tukanunue mitumba. Si nguo za mitumba, bali mashuka na mapazia. Pale Karume jijini Dar es Salaam, Memorial kule Moshi, Kongowea Mombasa au Gikomba Nairobi, robota la mashuka likifunguliwa wanunuzi hukimbilia yaliyo mapya ya kutandika, na yale yenye doa moja pembeni hubaki kwa bei ya chini. Shuka la kitanda kikubwa lenye mita 2.2 kwa mita 2.5 ni sawa na karibu mita 5 za kitambaa cha dukani chenye upana wa sentimita 115. Hiyo ni kanzu ya kijana na nguo ya mdogo wake. Juzi nilinunua mawili kwa shilingi 9,000.

Zipo hila chache za kujua. Liinue shuka kwenye mwanga, kwani mara nyingi limechakaa katikati walipolala watu, na pembeni likawa bado zima. Basi badani zitoke pembeni. Chomoa uzi mmoja uuchome: pamba hunuka kama karatasi iliyoungua na kuacha jivu, ama nyuzi za kiwandani huyeyuka na kugandamana kama tone la plastiki, na nguo yake itamtesa mvaaji katika joto letu. Kitambaa cha pamba kilichokwisha kutumika kina faida nyingine isiyosemwa: kimekwisha kuruka, hakitapungua tena baada ya kushonwa. Uzi lakini nunua mpya. Uzi wa zamani hukatika, na mshono ukiachia siku ya Idi ndipo watu watakapocheka kwa haki.

Wapo wanaouliza, na ni swali la heshima, juu ya twahara ya vitambaa vilivyotumiwa na watu tusiowajua. Asili ya nguo ni twahara mpaka ijulikane najisi, na penye shaka maji yapo. Imesimuliwa na Al-Mughira bin Shu'ba (R.A.) kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa safarini amevaa juba la Sham, na Sham wakati huo ilikuwa mikononi mwa Warumi. Mikono ya juba hilo ilikuwa myembamba kiasi kwamba alipotaka kutawadha ilibidi aitoe mikono yake kwa chini ya nguo. Mimi, kama mshonaji, kila nikiipitia riwaya hii huwaza mabaibui ya leo yanayobana viganjani, ambayo dada zetu huhangaika nayo kwenye mabomba ya msikitini. Anayejishonea huikata mikono yake kwa ajili ya udhu. Ama nguo za ndani zilizotumika, hizo hata Shirika la Viwango Tanzania limekataza ziingizwe nchini, na wala si katika ninayoyasema.

Swali lililo zito zaidi ni jingine, nami sitalikwepa. Je, kununua mtumba, hata kama ni shuka, si kuendelea kuvizika viwanda vyetu? Kiwanda cha Urafiki cha Dar es Salaam kilianza kazi mwaka 1968, na Mwanza kulikuwa na Mwatex. Tuliokulia katika khanga na mashuka yao tunajua tulichopoteza. Mwaka 2016 nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana kuiondoa mitumba hatua kwa hatua mpaka ifikapo 2019. Rwanda ilipandisha ushuru kutoka senti 20 za dola hadi dola 2.50 kwa kilo moja, na mwaka 2018 Marekani ikaisimamishia msamaha wa ushuru wa nguo ilizokuwa ikiuza huko. Nchi nyingine zilikuwa zimekwisha kurudi nyuma. Nionavyo mimi Rwanda ilikuwa na haki. Hata hivyo mjane wa mtaani kwetu hakai katika meza ya mazungumzo hayo. Yeye anachagua kati ya shuka la mtumba na mkopo wa kausha damu, na katika uchaguzi huo sioni tatizo la kufikiri mara mbili. Tena kanzu za tayari alizozinunua kwa riba zilitoka nje vilevile. Hakuna kiwanda cha kwetu kilichopata senti. Siku kitambaa cha pamba yetu kitakapopatikana kwa bei ya maskini, patani zitakuwa zimekwisha kuwa tayari na mikono imekwisha kuzoea. Mikono isiyojua kushona haitanufaika hata kiwanda kikifufuka.

Na mafundi wetu wa barazani, je? Nimezungumza na wawili. Wote wamesema kazi iliyowaua ni nguo ya tayari, si mama anayejishonea, kwa sababu anayejishonea bado huwaletea vifungo vya kutobolewa matundu, darizi za shingoni na kola zilizomshinda.

Kina baba wasije wakadhani makala hii ni ya upande wa akina mama. Mama wa Waumini Aisha (R.A.) alipoulizwa Mtume (S.A.W.) alikuwa akifanya nini nyumbani kwake, alieleza kuwa alikuwa akishona nguo yake na kutengeneza kiatu chake kama mwanamume yeyote afanyavyo nyumbani. Wangapi kati yetu wanaume wanaweza kurudishia kifungo? Na Mama wa Waumini Zainab bint Jahsh (R.A.) alikuwa mtu wa kazi ya mikono, alidibaghi ngozi na kushona, na mapato yake akayatoa sadaka. Ukiwatazama wote wawili huoni aibu mahali popote. Aibu hii tumeileta sisi juzi tu, pamoja na picha za sikukuu zinazorushwa kwenye simu kabla hata khutba haijamalizika.

Nimepeleka ombi kwa kamati ya msikiti wetu. Chumba cha nyuma cha madrasa hakina kazi kuanzia asubuhi mpaka adhuhuri. Naomba kitiwe meza moja ndefu ya kukatia na vyerehani viwili, ili akina mama na mabinti wajifunze kukata na kushona kuanzia Rajabu, wakati ambao hakuna haraka ya sikukuu. Patani zangu nitazitoa zichorwe na kila mtu. Mzee mmoja wa kamati amesema msikiti si kiwanda. Namheshimu, ni baba yetu. Lakini namwomba aeleze tofauti kati ya chumba hicho na sanduku la mchango tunalolipitisha kila Ijumaa kwa ajili ya watu walioshindwa na madeni.

Kuhusu yule mjane, baada ya Idi tulichangishana watu wanane tukaenda kukikomboa cherehani chake. Tulikuta kimekwisha kuuzwa. Kwa fedha ile tukampatia kingine kikuukuu, cha mkono, gurudumu lake linalia kama punda lakini mshono wake umenyooka. Ameanza na mashati ya shule ya watoto wake. Wiki iliyopita alinitumia kijana wake mdogo aje aniazime karatasi ya kanzu ya baba, na amesema ataomba na ile ya taharizi kwa sababu mara ya kwanza aliisahau.