Asiyeruhusiwa Kucheza, Je, Ndugu Yake?



Wengi hudhani kuwa mtumishi wa bahati nasibu ya Serikali akikatazwa kununua tikiti, basi yamekwisha. Hayakwisha! Huko Iowa, Marekani, sheria ilimkataza Eddie Tipton asicheze, naye akacheza.

Bwana huyu alikuwa mtumishi wa shirika linaloendesha michezo ya majimbo kadhaa kwa pamoja. Kazi yake ilikuwa kulinda mitambo. Tena ndiye aliyeandika programu ya kuchagua namba. Mlinzi na fundi ni mtu mmoja! Akatia hila ndani yake, hata siku fulani chache za mwaka akaweza kujua mapema namba zipi huenda zikatoka. Desemba 2010 aliingia katika duka moja mjini Des Moines akanunua tikiti iliyoshinda dola milioni 16.5.

Sasa tazameni. Lililookoa fedha hizo si lile katazo. Ni kanuni nyingine ndogo tu, kwamba lazima ijulikane nani alinunua tikiti. Mwaka mmoja baadaye, saa chache kabla ya muda kwisha, alikuja wakili wa New York kudai zawadi kwa niaba ya kampuni ya Belize. Akaulizwa mwenyewe nani, hakusema, na fedha hazikulipwa. Mwaka 2017 Tipton alihukumiwa kifungo cha hadi miaka 25. Lakini zawadi za Colorado, 2005, na Wisconsin, 2007, zilikuwa zimelipwa zamani, kwa mikono ya ndugu na rafiki.

Hapo ndipo penye neno letu. Azimio la Arusha, 1967, lilimkataza kiongozi mishahara miwili, hisa za makampuni na nyumba za kupangisha. Mwaka 1991, Zanzibar, masharti hayo yakalegezwa. Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya 1995 yamtaka kiongozi ataje mali yake, ya mkewe au mumewe, na ya watoto wake wadogo. Vyema. Lakini kaka yake je? Shemeji je? Na yule rafiki aliyesoma naye? Sote twajua mali hupitia mlango gani. Sisi tuliosomea ualimu hatuwezi kumpa mwalimu kutunga mtihani, kuutunza kabatini, na kuusahihisha, hali mpwa wake yumo darasani.

Na fedha yenyewe ni ya nani? Ni ya kabwela, ya mama muuza vitumbua anayekata tikiti kwa shilingi aliyoitolea jasho.

Basi kila tawi liiandikie barua Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, iliyoundwa kwa sheria ya 2003. Nani hutunza mtambo wa namba, na nani humkagua? Ndugu wa watumishi wameandikwa wapi? Kampuni ikidai zawadi, mnunuzi hujulikana? Majibu yakija, yasomwe mkutanoni mbele ya wanachama wote.